Barua ya wazi kwa Mababa Maaskofu: safu ya "Amelipa" kwenye daftari la mafundisho

Wahashamu Mababa Maaskofu, nanyi maparoko na wakurugenzi wa katekesi mnaofanya kazi pamoja nao,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni katekista. Nimefundisha watoto wa komunyo ya kwanza, vijana wa kipaimara na watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, na nimekaa katika kazi hii hadi baadhi ya niliowafundisha sasa wananiletea watoto wao. Sijawahi kuwaandikia. Nikiwa na shida humwendea paroko, naye akiwa na shida huniita, ndivyo tulivyozoea. Safari hii naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linafanyika hadharani, na kila ninayemgusia hunijibu kwa kushusha sauti.

Ni jambo la fedha. Fedha inayodaiwa, au inayopatikana, kwa kufundisha imani.

Nianze na daftari langu. Lina safu za kawaida: jina, tarehe ya ubatizo, msimamizi, mahudhurio. Mwaka mmoja, katika parokia ambayo sitaitaja, iliongezwa safu nyingine upande wa kulia, imeandikwa "Amelipa". Kulikuwa na ada ya mafundisho: kitabu, karatasi za mtihani, cheti, na kitu kilichoitwa "mchango wa semina" ambacho hadi leo sijui kilikwenda wapi. Haikuwa fedha nyingi kwa macho ya aliyeipanga. Wiki ya mtihani nikapewa agizo kwamba wasio na alama kwenye safu ile wasiingie. Nikasimama mlangoni na daftari mkononi. Mtoto wa kwanza niliyemrudisha alikuwa yule ambaye wiki moja kabla, nilipouliza kwa nini Petro alikataa kuoshwa miguu, alinyoosha mkono akasema: "Aliona aibu, hakuwa na cha kumlipa." Darasa zima lilicheka, nami nilicheka. Siku ile ya mtihani alilitazama daftari, akatazama viatu vyake, akaondoka bila kuuliza neno. Mama yake hakuja kulalamika. Wenye shida ya namna hiyo hawalalamiki, huacha tu kuja.

Agizo lile sikulipinga. Nalisema mapema ili msidhani mnaandikiwa na mtu msafi.

Baadaye nilimuuliza aliyekuwa na mamlaka pale kama hii si kuuza sakramenti. Alijibu kwa utulivu kwamba sakramenti hatuuzi hata siku moja, hizi ni gharama za mafundisho tu. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi tangu hapo, katika midomo tofauti, na naamini wengi wanaolitoa hawana nia mbaya. Lakini mtoto haruhusiwi kukomunika bila mafundisho, na haingii kwenye mafundisho bila kulipa. Ukiweka tozo darajani, usiwaambie watu kwamba ng'ambo wanakaribishwa bure.

Kanisa linajua ugonjwa huu tangu utoto wake. Katika Matendo ya Mitume, Simoni wa Samaria aliwaletea mitume fedha ili naye apate uwezo wa kuwawekea watu mikono, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Jina lake ndilo lililozaa neno simonia, yaani kununua au kuuza mambo ya kiroho, kama inavyoelezwa katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2121. Namba inayofuata inasema mhudumu asidai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka zilizowekwa na mamlaka halali, na kwamba mhitaji asikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kanuni ya 848 ya Sheria za Kanisa inasema hivyo hivyo. Kanuni ya 213 inawapa waamini haki ya kupata kutoka kwa wachungaji wao mali za kiroho za Kanisa, na inazitaja mbili kwa majina: neno la Mungu na sakramenti. Zimewekwa pamoja. Sisi tumezitenganisha, moja tukaiwekea ulinzi mkali na nyingine tukaiacha sokoni.

Najua mtaniambia kwamba mtenda kazi amestahili ujira wake. Ni kweli, Bwana mwenyewe alisema, tena alisema akiwatuma watu kuhubiri. Katika Mathayo sura ya 10 maneno hayo mawili yamekaa karibu kiasi cha kushangaza: mstari wa 8 unasema mmepata bure, toeni bure, na mstari wa 10 unasema mtenda kazi anastahili posho yake. Kwa miaka mingi niliyasoma kama maneno yanayovutana kamba. Padre akitaka kukemea tamaa, anasoma wa 8. Kamati ya fedha ikitaka kuchangisha, inasoma wa 10. Siku hizi nayasoma kwa pamoja na kujiuliza swali moja tu: bure kwa nani?

Hakuna mafundisho yasiyogharimu. Kuna chumba, taa, vitabu, saa za mtu ambaye angekuwa mahali pengine akitafuta riziki. Kwa hiyo kuna anayelipa, daima. Yesu hakusema asilipe mtu yeyote. Alichokataza, kwa jinsi ninavyoelewa, ni anayehitaji neno kukutana na bei mlangoni. Gharama ipo, ila ibebwe na jumuiya nzima, kwa kila mmoja kadiri ya uwezo wake, kabla yule mwenye njaa ya neno hajafika.

Paulo aliiishi tofauti hii. Akiwaandikia Wakorintho anatetea kwa hoja ndefu haki ya mhubiri kupata riziki kwa Injili. Anawakumbusha ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa, na wahudumu wa madhabahu wanaopata fungu lao madhabahuni. Baada ya kuijenga hoja yote hiyo, anageuka na kusema yeye mwenyewe haki hiyo hakuitumia kwao. Alishona mahema. Watu wengi huishia hapo na kumfanya mfano wa kujitolea, lakini barua zake nyingine zinaonyesha kwamba Wafilipi walimtumia msaada zaidi ya mara moja, na kwamba alipokuwa Korintho alipokea posho kutoka makanisa mengine. Yaani Wakorintho walisikia bure kwa sababu wengine walikuwa wamelipa. Mahema peke yake hayakutosha hata kwa Paulo.

Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yana kipimo kinachonifurahisha kila nikikisoma. Mtume akija apokewe, lakini akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Kurasa chache mbele maandishi hayo hayo yanasema mwalimu wa kweli anastahili chakula chake. Natamani kuona kipimo cha siku tatu kikitumika kwa wahubiri wa leo wenye ratiba za semina za kuzunguka, ila naogopa wangebaki wachache.

Halafu kuna historia ambayo ningependa isomwe kwa sauti kwenye mkutano wenu mmoja. Mwaka 1179, Mtaguso wa Tatu wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza kila kanisa kuu litenge mapato ya kumtunza mwalimu, ili awafundishe bure makleri, yaani wahudumu wenye daraja, wa kanisa hilo na wanafunzi maskini. Ulikataza pia kudai fedha ili kumpa mtu kibali cha kufundisha. Miaka 36 baadaye, mwaka 1215, Mtaguso wa Nne ulikiri kwamba agizo hilo halikufuatwa katika makanisa mengi, ukalirudia na kulipanua hadi makanisa mengine yenye uwezo. Tazameni mpangilio wa mawazo yao. Hawakuanza kwa kumwambia mwalimu ajitolee. Walianza kwa kumwekea fungu lake, ndipo wakamkataza kumtoza mwanafunzi. Kwetu imebaki nusu ya pili tu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliiweka kanuni hiyo kwa ufupi ambao sijapata kuona mwingine akiushinda. Katika Summa, kitabu chake kikuu cha teolojia, anapojadili simonia, anasema mwenye elimu ambaye hana ofisi, yaani wadhifa, inayomlazimu kufundisha anaweza kupokea malipo, kwa sababu hauzi ukweli wala elimu, anakodisha kazi yake. Lakini aliyefungwa na ofisi akidai malipo hayo, huyo anauza ukweli na anatenda dhambi nzito. Mfano anaoutoa ni walimu wale wale waliowekwa makanisani kufundisha makleri na maskini, wanaotunzwa kwa mapato ya kanisa: hao wasipokee kitu kutoka kwa wanafunzi wao.

Nimekaa na aya hiyo muda mrefu, na kila nikiirudia naona inawakata watu wawili tofauti.

Wa kwanza ni padre au mtawa anayetunzwa na Kanisa na bado anauza kile alichotumwa kukitoa. Kanuni ya 281 inampa mkleri haki ya malipo yanayolingana na hali yake, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Nimeona mapadre wakiishi kwa shida ambayo waamini wao hawaijui. Lakini kanuni ya 286 inamkataza kufanya biashara bila ruhusa ya mamlaka halali, na sijui tunaita nini pale homilia ya Jumapili inapofungiwa ndani ya kikundi cha kulipia kwa mwezi, au mafungo yanapotangazwa na viti vya mbele kwa bei yake na vya nyuma kwa bei yake. Kitabu ni jambo jingine. Mtu amekaa usiku akiandika, mchapaji amelipwa karatasi na wino, msomaji anaondoka na kitu mkononi. Hata maandiko ya mapapa yana haki miliki, na tangu mwaka 2005 inasimamiwa na nyumba ya uchapaji ya Vatikano. Kuna walionung'unika wakati ule, na manung'uniko yao yalikuwa na maana. Ila bei ya kitabu naielewa. Nisichokielewa ni bei ya padre kujibu swali la muungamishwa wake kuhusu sala.

Mtu wa pili anayekatwa na aya ya Thomas ni ninyi, Mababa. Naomba mnisamehe kwa kusema wazi. Hoja yake yote imesimama juu ya neno moja, kwamba mwalimu mwenye ofisi *anatunzwa*. Ukiondoa utunzaji huo, mwalimu unamwacha na mzigo wa ofisi bila fungu la ofisi.

Kanuni ya 231 inasema walei wanaojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa, kwa kudumu au kwa muda, wana haki ya malipo ya heshima yanayolingana na hali yao, yatakayowawezesha kukidhi mahitaji yao na ya familia zao, pamoja na bima na matibabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Ad gentes ya mwaka 1965, namba 17, ulitaka makatekista wa muda wote wapate hali nzuri ya maisha na usalama wa kijamii kwa njia ya malipo ya haki. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko alianzisha rasmi huduma ya katekista kwa barua yake Antiquum ministerium. Tulifurahi sana siku hiyo. Tulipigiana simu. Mwenzangu mmoja, mtu wa mzaha, alisema sasa tumepata cheo cha kale, labda na mshahara ni wa kale pia.

Siwadai kwa ajili ya anayefundisha saa moja Jumapili kisha Jumatatu akarudi kazini kwake. Huyo anajitolea, na kujitolea kwake ni zuri, asiharibiwe kwa bahasha. Nazungumzia wale ambao mmewapa kituo kizima: wanaongoza ibada padre asipokuwepo, wanazika, wanatembelea wagonjwa, wanafundisha asubuhi na jioni. Mkiwaambia hao kwamba ni wito, wanajua ni wito. Ndiyo maana bado wapo. Lakini neno wito limetumika kufunga midomo ya watu wanaodaiwa ada za shule za watoto wao. Na mtu aliyefungwa kinywa akipura nafaka, siku moja atakula usiku. Ndipo zinapozaliwa "ada ndogo ndogo", cheti cha kulipia, fomu ya kulipia, mtihani wa marudio wa kulipia. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, wanasema. Nani aliyeifupisha kamba?

Sasa nikiri jambo langu la pili.

Kuna kipindi mambo yalinibana, nikaanzisha darasa la jioni kwa njia ya simu kwa watu wazima waliotaka kuielewa imani yao vizuri zaidi. Sikuwa na kituo wakati huo, sikuwa na ofisi yoyote. Kwa kipimo cha Thomas nilikuwa halali kabisa. Nilitoza kiasi kidogo kwa mwezi, nikatumia sehemu yake kununua intaneti na vitabu, kilichobaki kikaenda nyumbani. Nilianza na Hotuba ya Mlimani. Mwezi wa kwanza walikuwepo wachache, mwezi wa pili wakapungua. Rafiki akanishauri nibadilishe mada: mapepo, laana za ukoo, dalili za siku za mwisho, sala za kufungua milango. Nikafundisha mapepo. Nilifundisha kwa uangalifu, nikanukuu Katekisimu, sikusema lolote lisilo sahihi. Darasa likajaa.

Siku moja nikagundua ninaandaa somo linalofuata nikiwa nimefungua ujumbe wa malipo kwenye simu. Nilikuwa naangalia mada ipi iliingiza wangapi. Hakuna aliyenilazimisha. Nikajikaza nikarudi kwenye mafundisho jamii ya Kanisa, nikaeleza waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 kuhusu wafanyakazi, nikasoma Yakobo sura ya 5, pale ambapo ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele. Saa haijaisha, ujumbe ukaingia kutoka kwa mwanafunzi mmoja, mwajiri wa watu kadhaa: "Mwalimu, nimelipia nijengwe kiroho, sijalipia kusemwa."

Nikalainisha somo lililofuata. Hilo ndilo ninalotaka mlione kwa karibu, kwa sababu mijadala mingi kuhusu fedha na dini huishia kwenye tamaa, gari la mhubiri, saa ya mhubiri. Mimi sikununua gari. Nilinunua dawa na unga wa wiki. Na bado fedha ile ilikuwa imempa mtu yule haki fulani juu ya kinywa changu, nami nilijua hivyo, naye alijua. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba yeye si kama wale wengi wanaolifanyia neno la Mungu uchuuzi; neno la Kigiriki alilotumia ni la mchuuzi wa sokoni, na wachuuzi wa divai walisifika kwa kuichanganya na maji. Nilijifunza jioni ile maji yanavyoingia. Yanaingia kidogo kidogo, kwa adabu, na kila tone lina sababu yake.

Darasa lile nililifunga. Simhukumu anayeendelea na lake. Wapo walei wanaofundisha kwa kulipwa na hawatetereki, pengine kwa sababu wana riziki nyingine nyuma yao. Ndiyo maana siombi mpige marufuku. Mkipiga marufuku, waaminifu watatii na wahuni watabaki na uwanja wote.

Ninachoomba kipo tayari kwenye sheria zenu, ila kimewekwa mahali pengine. Tazameni jinsi Kanisa linavyolinda fedha ya nia za misa, yaani sadaka anayotoa mwamini ili misa iadhimishwe kwa nia yake. Kanuni ya 947 inataka hata sura tu ya biashara iepukwe kabisa. Kanuni ya 951 inasema padre akiadhimisha misa zaidi ya moja kwa siku anabaki na sadaka ya misa moja, isipokuwa Krismasi, nyingine zinakwenda kwa malengo yaliyopangwa. Kiasi cha sadaka hupangwa na maaskofu wa jimbo kuu kwa pamoja, na padre haruhusiwi kudai zaidi, ingawa anaweza kupokea kidogo. Kanuni ya 945 inawahimiza mapadre waadhimishe kwa nia ya waamini, hasa wahitaji, hata pasipo sadaka. Kanuni ya 958 inadai daftari maalumu la sadaka hizo. Haya hayakuandikwa na watu wasioamini mapadre wao. Yaliandikwa na watu waliokumbuka. Walikumbuka mwaka 1517 na rehema, yaani ondoleo la adhabu za dhambi, zilizohubiriwa kwa sanduku la fedha, walikumbuka Mtaguso wa Trento ulivyofuta mwaka 1562 kazi ya wakusanyaji wa sadaka za rehema, na Papa Pius V alivyobatilisha mwaka 1567 rehema zote zilizofungamanishwa na malipo. Kanisa lilichelewa, lakini lilipoamka liliweka daftari na mipaka.

Kwa mafundisho, sijaona daftari wala mipaka. Kila parokia inajipangia, kila mhubiri anajipangia.

Basi wekeni. Semeni kwa maandishi, na yasomwe mimbarini ili maskini wenyewe wasikie kwa masikio yao, kwamba hakuna mtoto wala mtu mzima atakayechelewa kupata mafundisho au sakramenti kwa kukosa fedha, na kwamba hatatakiwa kwenda kujieleza umaskini wake mbele ya kamati ili aruhusiwe. Hili la kujieleza linasahaulika. Msamaha wa ada unaoombwa mbele ya watu watano mezani ni ada nyingine. Papa Fransisko alishakemea parokia zenye orodha za bei mwaka 2014, na tarehe 7 Machi 2018 alisema waziwazi kwamba misa hailipiwi. Maagizo ya Vatikano ya mwaka 2020 kuhusu parokia yalirudia kwamba sadaka iwe tendo huru. Kilichobaki ni kulisogeza neno hilo hatua moja nyuma, hadi kwenye mlango wa darasa.

Kwa padre na mtawa anayefundisha mtandaoni, aeleze hadharani fedha inaingia kiasi gani na inakwenda wapi, kama paroko anavyosoma mapato ya parokia. Kile anachodaiwa na ofisi yake kikae wazi kwa wote. Kamera, usafiri, mchapishaji, hivyo vina gharama na zitajwe kwa jina lake. Kwa mlei anayefundisha nje ya ofisi, kanuni ya 216 tayari inasema hakuna kazi itakayojiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka halali. Itumieni kwa upole. Mtu akiomba ridhaa hiyo, mmuulize anafundisha nini na pia ni mada gani ameacha kufundisha, na kwa nini.

Na makatekista wa muda wote, waingizeni kwenye bajeti. Sauti ninayoisikia hapa ni ya mhasibu: fedha itatoka wapi? Itatoka kwetu. Kanuni ya 222 inatufunga waamini kusaidia mahitaji ya Kanisa, nayo inataja wazi malipo stahiki ya wahudumu. Tunachangia mnara kwa sababu tunauona ukipanda. Tunachangia kengele kwa sababu tutaisikia. Katekista hajawahi kuwekwa mbele yetu mkasema: huyu ndiye anayewafundisha watoto wenu, hiki ndicho anachokula, mnaonaje? Nadhani mngeshangaa. Wagalatia waliambiwa mwanafunzi amshirikishe mwalimu wake katika mema yote, na watu wetu wanalijua hilo moyoni hata wasiojua limeandikwa wapi. Ila wanalipenda zaidi likiwa shukrani kuliko likiwa risiti.

Kuhusu yule mtoto wa mlangoni, nilimtafuta baadaye. Familia ilikuwa imehama. Jina lake bado lipo kwenye daftari, na upande wa kulia kisanduku chake ni kitupu.

Daftari la sasa ninalichora mwenyewe kwa rula. Safu ile siiweki, na paroko tuliye naye hajauliza. Ni mtu mwema. Lakini atahamishwa, kama wanavyohamishwa wote, na atakayekuja akiitaka safu yake irudi, sina barua hata moja kutoka kwenu ya kumwonyesha.

Wenu katika Kristo,
Katekista